Datsun 1200 inayonguruma kwa kupanda na kushuka

Ndugu yangu, umeeleza kwamba Datsun 1200 yako hutulia asubuhi, lakini ikishapata moto kwenye foleni ya Thika Road mngurumo wake hupanda na kushuka mpaka injini inazimika, ingawa fundi ameshazungusha skrubu za kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, mara tatu. Tafadhali zisiguswe tena kabla hujatafuta mahali ambapo hewa inapenya, kwa sababu choki huongeza petroli injini ikiwa baridi na hivyo kuuficha upenyo huo.

Injini ikinguruma, nyunyizia maji kidogo kuzunguka gasketi, yaani kizibo bapa kilicho chini ya kabureta, ukiepuka nyaya za plagi. Mngurumo ukibadilika, hapo ndipo penye tatizo. Kagua pia mipira ya vakumu, yaani ile inayofyonzwa hewa na injini, kisha uizime injini na ushike kwa vidole ncha ya ekseli ndogo inayobeba kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Ikicheza juu na chini, tundu lake limelika, na hakuna skrubu itakayoliponya. Linahitaji bushi mpya, yaani kipete cha kuizunguka ekseli hiyo.

Jeti ya mzunguko wa chini, yaani kitundu kinachopitisha petroli injini ikinguruma polepole, isafishwe kwa upepo wa kompresa, kamwe si kwa waya, kwani shaba yake ni laini na tundu hupanuka kwa urahisi. Pointi nazo, zile zinazokata na kuunganisha umeme wa plagi, zipimwe nafasi yake.

Kama kabureta iliwahi kurekebishwa Mombasa, kumbuka kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mchanganyiko uleule wa hewa na petroli huku huwa na petroli nyingi mno.