Mitumba, ushuru na ubabe wa Marekani: majibu kwa wasomaji

Nauza mitumba Karume, Dar es Salaam. Ushuru ukipanda, anayelipa nani: Mmarekani au mimi?

Wewe, dada yangu, na mteja wako. Anayeingiza mzigo hulipa ushuru bandarini, kisha huuongeza kwenye bei ya robota. Nawe unalinunua likiwa limefungwa. Ukikata kamba alfajiri ukakuta nusu ni mashati yaliyochakaa kola, ujue ushuru umeshalipiwa kilo zote, nzuri na mbovu.

Kwani Marekani ilitugombeza kwa nini, nguo zenyewe kuukuu?

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019, ili viwanda vya nguo vifufuke. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika huko Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yao dhidi ya mpango huo. Fimbo ilikuwapo tayari: AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Sheria hiyo waliitunga wao, na kumwondoa mtu ni uamuzi wao peke yao.

Kenya, yenye viwanda vya Athi River vinavyoshona nguo za soko la Marekani, ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda, iliyokwisha kupandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ikashikilia msimamo. Julai 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru wa AGOA. Linaniuma hadi leo: uamuzi ulikuwa wa wote, adhabu akabebeshwa mmoja.

Rwanda iliumia sana?

Kifedha, hapana. Ilikuwa ikiuza nguo chache Marekani, na bidhaa zake nyingine ziliendelea kuingia bila ushuru.

Tukipiga marufuku mitumba leo, viwanda vya nguo kama Urafiki cha Dar es Salaam vitarudi?

Sidhani. Pengo litazibwa kwanza na nguo mpya za bei nafuu kutoka China. Pamba yetu ya Shinyanga na Simiyu, sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, bila kusokotwa uzi. Tuanzie hapo: umeme usiokatika na mikopo ya mashine. Ushuru ufuate, upande kidogo kidogo kwa tarehe zilizotangazwa, ili dada wa Karume apate muda wa kununua cherehani.