Kisanduku cha 20

Mwanangu Salimu,

Umeniuliza kama uichukue ile kazi ya Houston, kwa kuwa Texas hakuna kodi ya mapato ya jimbo na hapa Columbus, Ohio, mshahara wako unamegwa kila upande. Ni kweli hawana. Mwaka 2019 walipiga kura wakaizuia ndani ya katiba yao. Kwa dola 60,000 unazopata, mji peke yake unakukata 2.5%, yaani dola 1,500, kabla Ohio haijachukua chake. Hesabu hiyo siipingi.

Ila karatasi ya mshahara huwa unaisoma mpaka chini? Watu wakitaja kodi wanaiwaza Washington, wanaliwaza jimbo, mji wanausahau. Ohio ina huruma kidogo: mwenye kipato kisichozidi dola 26,050 haimtozi. Mji unaanza na dola ya kwanza. Hauulizi una watoto wangapi, na hata zile pesa unazojiwekea kazini kwa ajili ya uzeeni, mji unazihesabu.

Sisi tuliusahau. Enzi zile za nyumba ya zulia la kijani tulilala mji mwingine, na mimi nikifanya kazi Columbus, zamu ya usiku kwa wazee. Fomu ya W-2, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa, ilipokuja, kisanduku cha 19 kilionyesha kodi imekatwa, cha 20 kimeandikwa Columbus. Nikasema alhamdulillahi, tumemaliza. Kumbe mji tuliokuwa tunalala nao una kodi yake, 2%, na ile tuliyolipa kazini ulituhesabia kwa nusu tu. Ile 1% iliyobaki tulitakiwa tuipeleke wenyewe, na fomu juu. Barua zilikuja. Baba yako akasema ni matangazo, akawa anazitia kwenye droo ya vijiko.

Miaka mitatu. Dola 340 kila mwaka, jumla 1,020, mbali na faini na riba.

Nilikwenda na wewe dirishani kwenye ofisi ya kodi ya mji, una miaka 11, umenishikia mkoba. Yule mama alikuwa akinisemesha kwa sauti kubwa kama vile mimi kiziwi. Kwenye karatasi palikuwa na neno moja limekolezwa wino, “delinquent”. Nikakuuliza maana yake. Ukasita. Shuleni kwenu waliitwa hivyo watoto watukutu. Ukaniambia kwa sauti ya chini, “Mama, wanasema wewe mhalifu.” Yule mama alieleza baadaye kuwa maana yake ni kuchelewa kulipa tu. Lakini njia nzima kwenye basi hukuniangalia usoni. Deni tulilimaliza kwa miezi kumi na nne. Lile la kwenye basi bado ninalo.

Ndiyo maana nasema kila siku, soma karatasi mpaka chini. Babu yako kule Tanga risiti zake za kodi ya maendeleo alizihifadhi kwenye kopo la majani ya chai, hata baada ya kodi yenyewe kufutwa mwaka 2003. Tulimcheka.

Sasa Texas. Kodi ya nyumba kule ni kali, na mwenye nyumba hailipi kwa mapenzi yake, anaipakia kwenye pango lako. Dukani Houston utaongezewa 8.25%. Haya, na hapa Columbus si imefika 8%? Basi hoja hiyo naiondoa. Na tuseme ukweli, barabara ninayopita na basi linalonipeleka kazini ni kodi hizi hizi ninazozilalamikia. Halafu tena dola 1,500 ni hela, sitakudanganya.

Sikwambii nenda, sikwambii kaa. Ulimi unaniwasha, lakini nimemuahidi baba yako. Ukihama katikati ya mwaka, jua tu kwamba kwa miezi uliyofanya kazi hapa, Ohio itataka fomu yake, hata ukiwa Houston unakula nyama choma.

Na W-2 yako ya mwaka jana ilikuja kwa anwani yangu. Iko kwenye droo ya vijiko, bahasha haijafunguliwa. Njoo Jumamosi uichukue.

Mama yako