Jibu: Theluji huporomoka kama udongo wa Soni?

Dada, umeuliza kama maporomoko ya theluji huko Uswisi, anakokwenda mdogo wako, ni sawa na haya ya udongo yanayotufungia barabara ya Lushoto pale Soni masika. Yanafanana kidogo tu. Udongo wetu hushuka ukishiba maji, uwepo usiwepo. Theluji mbaya ni ile ya bamba: tabaka lililoshikana limelala juu ya tabaka dhaifu, linangoja uzito. Na mara nyingi anayelivunja ni huyohuyo anayefukiwa, au mwenzake.

Mteremko wa kuogopa ni wa nyuzi 30 hadi 45. Hata chini ya mteremko huo asikae kula mkate. Akisikia theluji inaguna "wumf" chini ya miguu, au akiona inapasuka mistari, ageuke hapohapo, aibu aache Tanga.

Asome taarifa ya kila siku kutoka taasisi ya theluji ya Davos. Ina daraja la hatari, 1 hadi 5. La 3 huwaponza wengi kwa sababu linaonekana la katikati. Vifo vingi hutokea siku hizo.

Kila mmoja abebe kifaa cha kurusha mawimbi ili atafutwe akifukiwa, fimbo ndefu ya kukunja ya kuchoma theluji, na koleo. Aliyefukiwa, baada ya dakika 10 hadi 15 hivi nafasi ya kupona hushuka vibaya, kwa hiyo waokoaji ni wenzake, si helikopta. Ndiyo maana wanavuka mteremko mmojammoja, wengine wakitazama.

Akibaki kwenye njia rasmi zilizofunguliwa, mwambie mama alale.