Ndugu yako akishikwa ng'ambo ya ziwa

Habari hufika Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, kabla ya kufika nyumbani. Boti zimetoka pamoja usiku, asubuhi moja haionekani, na mvuvi aliyekuwa jirani yao anasema wenzake wamechukuliwa na askari wa Congo. Hapo familia inaanza kuhangaika. Mmoja anakopa nauli, mwingine anatafuta mtu anayefahamiana na mkubwa fulani kule Kalemie, mji wa Congo kando ya ziwa, na mwenye boti hapatikani tena kwenye simu. Nimeyapitia haya na mdogo wangu wa kiume. Tangu arudi nimekaa na familia nyingine za Ujiji, Katonga na Kagunga zenye mzigo huohuo, na ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, msimfiche. Najua maneno ya mtaani yanavyouma: kajitakia, alijua mpaka, alifuata tamaa. Inawezekana kweli alivuka. Inawezekana alivua katika miezi ambayo ziwa limefungwa. Mwaka 2024 hata upande wetu ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na nchi jirani zilitangulia. Hata akiwa na kosa, bado ni raia wa Tanzania, na kosa halimwondolei haki ya kutendewa kama mtu. Familia inayonyamaza kwa aibu wiki nzima inampotezea siku zilizo muhimu kuliko zote, zile ambazo bado yuko kasho, yaani mahabusu ya polisi, na jalada lake ndiyo kwanza linaandikwa.

Sheria iko upande wenu zaidi ya mnavyodhani. Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa 1963, ambao Tanzania na Congo zote zimeukubali, unasema katika ibara ya 36 kwamba mgeni akikamatwa lazima aambiwe bila kuchelewa kuwa ana haki ya kutaka ubalozi wa nchi yake ujulishwe. Akitaka, wanapaswa kuujulisha. Akiandika barua kwenda ubalozini, wanapaswa kuifikisha. Maofisa wa ubalozi nao wana haki ya kumtembelea, kuzungumza naye na kumtafutia wakili.

Na haya si maneno ya kwenye karatasi tu. Mfanyabiashara wa Guinea, Ahmadou Sadio Diallo, alikamatwa Congo miaka ya 1995 na 1996, kisha akafukuzwa nchini. Nchi yake ikaipeleka Congo kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Mwaka 2010 mahakama hiyo ilisema Congo ilivunja haki zake, ikiwemo hii ya kuelezwa kuhusu ubalozi, na mwaka 2012 ikaamuru Guinea ilipwe dola 95,000 kwa madhara aliyoyapata. Kuna jambo moja ndani ya hukumu hiyo ninalolirudia kwa kila familia: wanaokamata ndio wenye wajibu wa kumweleza mtu haki yake, bila kusubiri aulize. Basi mtu asiwaambie kwamba ndugu yenu "hakuomba ubalozi". Ataombaje kitu ambacho hakuambiwa kipo?

Watu wengi hapa Kigoma hukimbilia ubalozi mdogo wa Congo uliopo mjini. Nendeni kama mnahitaji viza au maelekezo ya kusafiri, lakini ofisi ile kazi yake ni Wacongo. Anayewajibika kwa ndugu yenu ni ubalozi wa Tanzania ulioko Kinshasa, na ubalozi wetu mdogo ulioko Lubumbashi. Kote ni mbali na Uvira, Baraka au Kalemie, na ndiyo maana maandishi yana uzito kuliko simu. Andikeni barua, ipigwe muhuri kwa mtendaji, nakala ipelekwe ofisi ya mkuu wa wilaya na Wizara ya Mambo ya Nje Dodoma, nyingine itumwe ubalozini moja kwa moja kwa barua pepe. Kama kuandika ni taabu, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hawatozi malipo.

Sasa nije kwenye jambo lililotutesa sisi kuliko yote: jina na uraia.

Mdogo wangu anaitwa Hamisi. Tuliandika Hamisi, jina la baba, jina la babu, kama yalivyo kwenye cheti chake. Jibu likarudi kwamba hakuna Mtanzania wa jina hilo katika gereza lile. Mama alilia kama aliyepewa habari ya msiba. Aliyetufumbua macho ni dada mmoja muuza mawese, Mbembe wa Baraka, aliyekuwa akimpelekea kaka yake chakula pale pale. Aliomba kuangalia daftari la getini. Mdogo wangu alikuwemo, ameandikwa "Amisi", bila H, kama wanavyoandika wenzetu waliosoma Kifaransa, na mbele ya jina wameandika kuwa ni Mrundi. Alikuwa anaongea Kiha, lugha yetu inayokaribiana na Kirundi, na mwenzake walipokamatwa, na aliyeandika akasikia Kirundi.

Sisi Waha tunalijua hilo hata huku kwetu. Mtu wa Kasulu au Buhigwe anaweza kusimamishwa kwenye basi aulizwe kama kweli ni Mtanzania. Ng'ambo ya ziwa linaumiza zaidi, kwa sababu ubalozi hauwezi kumdai mtu ambaye haujathibitisha kuwa ni wake. Kwa hiyo, pamoja na barua, tafuteni kila kinachoonyesha uraia: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura, cheti cha kumaliza shule, barua ya serikali ya mtaa, na picha inayoonyesha sura vizuri. Kisha orodhesheni jina lake kwa kila namna linavyoweza kuandikwa. Hamisi na Amisi, Juma na Djuma, Rajabu na Radjabu. Wekeni na jina la utani analoitwa mwaloni, maana wenzake wakihojiwa watalitaja hilo. Na kama una mtu anayevua usiku huu, piga picha vitambulisho vyake leo, zikae kwenye simu yako. Wavuvi wengi huviacha nyumbani kwa kuogopa maji, na wanaoachiwa hawajui vilipo.

Ulizeni ndugu yenu anashitakiwa kwa kosa gani hasa. Kuingia nchini bila kibali, uvuvi haramu na kosa la jinai la kawaida ni njia tatu tofauti, na faini inayotosha kwenye moja haigusi nyingine. Karatasi za kule ni za Kifaransa. Mashariki ya Congo askari atamhoji kwa Kiswahili, kisha ataandika Kifaransa, na yeye ataambiwa aweke dole gumba. Mfikishieni ujumbe kwamba asisaini kitu ambacho hakijasomwa kwake kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa inampa mkalimani bure mahakamani. Kuhusu wakili, vyama vya mawakili vya Congo vina ofisi za ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Ulizeni hizo kabla ya kuuza shamba.

Ubalozi hauwezi kumtoa gerezani kwa amri, wala kuingilia hukumu, na msitegemee ulipe faini. Unachoweza ni kuuliza, kufuatilia, na kuonyesha kwamba mtu huyu ana wenyewe, na hilo hubadilisha namna anavyotendewa.

Pesa: mtu akipiga simu usiku akisema "tuma sasa hivi tumtoe", msitume. Ombeni kuongea na ndugu yenu mwenyewe, na mumuulize kitu ambacho yeye tu anakijua. Faini halali ina risiti.

Chakula ni jambo la kila siku. Katika magereza mengi ya Congo mfungwa asiye na ndugu wa kumletea hushinda na njaa, na mfungwa wa kigeni hana ndugu pale. Sisi tulituma dagaa wa kukaanga, unga, sabuni, chumvi na dawa za maumivu kwa boti za biashara, tukivifunga katika mafungu madogomadogo na karatasi ya orodha ndani, ili kikipungua kitu ajue na atuambie. Yule dada wa Baraka tukamwomba awe anampikia, tukawa tunamlipa kidogo. Tafuteni mtu wa namna hiyo mapema. Mahali ambapo Msalaba Mwekundu hutembelea magereza, wanaweza kubeba salamu za familia. Barua zao husomwa na wakuu wa gereza, kwa hiyo andikeni habari za nyumbani tu: mtoto ameanza kutambaa, mvua imenyesha, bibi anakusalimia. Mdogo wangu alizihifadhi zote. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia yake, na aliye mgeni awasiliane na ubalozi wake. Mkuu wa gereza akikataa barua, zitajeni kwa heshima.

Akiachiwa, atahitaji hati ya dharura ya kusafiria kama hana pasipoti, na barua mlizokwisha kuandika ndizo zitakazoharakisha. Akifika, kabla ya ngoma na pilau, mpelekeni hospitali akapimwe makohozi. Seli zilizojaa hueneza kifua kikuu, na huku kwetu kipimo na dawa ni bure. Mwenye boti naye atatokea, akitaka kumrudisha kazini wiki hiyohiyo. Mwambieni asubiri majibu ya hospitali, na aje na mjumbe wa mtaa mzungumzie mishahara ya miezi yote ambayo mtu wake alikuwa ndani.