Lori Likikosa Nguvu na Kutoa Moshi, Usikimbilie Pampu

Mlima wa Kitonga, kule Iringa, ndio ulionifundisha. Nilikuwa na lori la Fuso la injini ya 6D16 yenye turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, nimebeba saruji kutoka Dar kwenda Makambako. Mlima ambao siku zote nilikuwa naupanda kwa gia ya tatu, siku hiyo hata ya pili ilikataa. Nyuma yetu moshi mweusi tii, magari yanayotufuata yamewasha taa mchana kweupe. Tulimaliza kona za mwisho kwa gia ya kwanza, utingo akitembea kando ya tairi la nyuma na gogo mkononi.

Fundi wa kwanza tuliyempata hakunyanyua hata kabini. Aliangalia ekzosi tu, akasema, "Bosi, pampu na nozo zimekwisha hizo." Nikakubali, maana nilikuwa na mzigo wa watu. Pampu ya dizeli ikashushwa, ikapelekwa kupimwa, nozo zote sita zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda zikabadilishwa. Shilingi 1,600,000 na siku nne za kulala chini ya lori. Tulipowasha na kuondoka, moshi ulikuwa uleule na uzito uleule.

Fundi wa pili, mzee wa makamo pale Makambako, alinyanyua kabini, akachukua tochi na kuanza kupapasa mpira unaotoka kwenye turbo kupeleka upepo kwenye injini. Upande wa chini, mahali macho hayafiki, palikuwa na doa la oili lililoshika vumbi, jeusi, upana kama wa kiganja. Akalegeza klipu, akaukunja mpira. Ufa wa urefu wa kidole ukafunguka mbele yetu. Mpira ukiwa umetulia, ufa umefumba, huuoni. Turbo ikianza kusukuma upepo mlimani, unafunguka na upepo unatokea nje. Dizeli inaingia kama kawaida lakini hewa ya kuiunguza haitoshi, basi inaungua nusu na kutoka nyeusi. Mpira mpya nilinunua shilingi 50,000.

Tangu hapo nina kanuni moja. Lori likiwa zito na linatoa moshi mweusi, natafuta hewa kwanza. Likiwa zito na halitoi moshi, natafuta dizeli. Nozo pia zinaweza kuleta moshi mweusi, sikatai, lakini nozo ni gharama na hewa unaikagua kwa tochi na spana.

Kwenye hewa anza na filta. Sisi tunaopita barabara za vumbi tunaipuliza mara nyingi mno mpaka karatasi inatoboka, bora mpya. Kisha mpira wote kuanzia filta hadi injini, klipu kwa klipu, ukitafuta lile doa la oili. Halafu kuna kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka: breki ya ekzosi, ile inayopunguza mwendo kwa kuziba njia ya moshi. Ule mlango wake ukinata nusu umefunga, moshi haupati pa kutokea na injini inakabwa. Hakikisha unarudi wazi kabisa.

Kwenye dizeli, kabla ya chochote, zima injini, mtu akanyage pedali mpaka chini huku wewe unaangalia mkono wa pampu. Kebo ikilegea, mkono haufiki mwisho, na hakuna pampu mpya itakayoponya hilo. Badilisha filta ya dizeli na uimwage ya zamani kwenye chombo cheupe uone kama kuna maji au matope. Kama bado, weka dizeli safi kwenye dumu, lifunge juu kuliko pampu, unganisha mpira kutoka humo na uendeshe taratibu eneo la wazi. Nguvu zikirudi, tatizo liko kwenye tenki au mipira yake: chujio la ndani limeziba, au kuna mahali panavuta hewa. Hapo umeokoa pampu yako.

Moshi mweupe una maana zaidi ya moja. Asubuhi ya baridi kule Njombe, mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, lori kuukuu kutoa moshi mweupe kidogo ni kawaida. Injini ikipata moto unakoma. Usipokoma, na macho yanawasha kwa harufu ya dizeli, ni dizeli isiyoungua: nozo, majira ya pampu (wakati inaposukuma dizeli) au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Ila kama maji ya rejeta yanapungua na huoni yanapovujia, shuku gasketi ya silinda hedi, na usiendelee na safari. Rejeta uifungue ikiwa imepoa tu.

Kujua silinda iliyolala, yaani isiyofanya kazi, fundi alegeze kidogo nati ya bomba la nozo, moja baada ya nyingine, injini ikiwa imewashwa bila kukanyagwa. Ile ambayo ukilegeza mlio haubadiliki ndiyo yenye shida. Afunike kwa kitambaa kinene na asiweke kidole karibu na dizeli inayoruka, kwa sababu msukumo wake unapenya ngozi na jeraha lake ni la hospitali.

Na tafadhali, mtu akikushauri aongeze mafuta kwa skrubu ya pampu ili lori "liamke", mkatalie. Kama hewa ndiyo iliyopungua, utapata moshi zaidi na joto la kuyeyusha pistoni.

Moshi wa bluu ndio unaouma, maana hiyo ni oili inaungua. Hata hapo usikimbilie kufungua injini. Toa mpira wa turbo uone kama ndani kumejaa oili inayotiririka. Huenda ni turbo peke yake. Kama ni kukavu, fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Hewa ikitoka kwa kishindo kama inapumua, ringi za pistoni zimechoka. Hata hivyo dai upimiwe kompresheni silinda zote sita, uone geji kwa macho yako, ndipo mzungumze bei.