Shule zilitengwa, zilitenganishwa au zilibaguliwa?

SWALI: Ninafundisha historia sekondari. Kuhusu Wamarekani weusi na haki ya elimu, vitabu vingine husema “shule zilizotengwa”, vingine “shule za kibaguzi”, na mwanafunzi wangu ameandika “utengano wa shule”. Lipi sahihi?

JIBU: Yote ni Kiswahili safi, ila hayasemi jambo moja, na katika historia hii tofauti yake ndiyo iliyobishaniwa mahakamani.

Nianze na “utengano”, linalopotosha zaidi. Limetokana na kutengana, na wanaotengana huachana wenyewe, kama mke na mume. Watoto weusi hawakutengana na wenzao. Walitenganishwa na sheria za majimbo, ambazo Mahakama ya Juu ya Marekani ilizibariki mwaka 1896 katika kesi ya Plessy, kwa hoja kwamba huduma zaweza kutenganishwa na bado zikawa sawa. Kwa hiyo “utenganishaji”, ingawa si tamu sikioni, hudokeza kuwa yupo aliyetenda.

“Kutenga” nako kuna mtego: serikali hutenga fedha, na wageni wa heshima hutengewa viti, hivyo msomaji wa “shule zilizotengwa kwa ajili ya weusi” anaweza kudhani walipendelewa. Kumbe katika kaunti ya Clarendon, South Carolina, wazazi walianza kwa kuomba basi tu la kuwapeleka watoto wao shule, wakanyimwa, ilhali watoto wa kizungu walikuwa na mabasi.

“Ubaguzi” ni neno pana, lenye dhuluma ndani yake. Hata hivyo, katika kesi ya Brown, iliyofunguliwa na wazazi weusi huko Topeka, Kansas, mahakama ya chini iliona kwamba majengo, mitaala na walimu wa pande zote mbili walikaribiana kwa ubora. Thurgood Marshall (huyo huyo aliyewashauri wajumbe wa Kenya katika mazungumzo ya katiba London mwaka 1960) na mawakili wenzake, waliowatetea wazazi hao, walishikilia kwamba kumtenganisha mtoto kwa sababu ya rangi yake kunaudhalilisha utu wake, hata akipewa darasa zuri. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikubali kwamba utenganishaji wenyewe huondoa usawa. Ukiandika “ubaguzi” kila mahali, mwanafunzi hataona ni nini hasa kilichoshinda siku hiyo.

Basi aandike “shule zilitenganishwa kwa rangi” anapoeleza sheria, na “watoto walibaguliwa” anapoeleza walivyotendewa. “Shule zilibaguliwa” aitumie pale tu anapozungumzia mgao wa fedha na vifaa.