Muulize Fundi: Nyambizi chini ya Jiwe la Bismarck?

SWALI: Shikamoo Fundi. Kijiweni kwetu Kirumba kuna mzee anashikilia kwamba Wajerumani wa Hitler waliacha nyambizi yao, Bismarck, chini ya lile jiwe la ziwani, na kwamba taa zake huonekana usiku. Tumebishana mpaka kahawa imepoa. Ni kweli?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee mpe heshima yake, lakini hapo amewapiga kamba. Bismarck ilikuwa manowari ya juu ya maji, na ilizama Atlantiki Mei 27, 1941. Jiwe letu lina jina la Bismarck mwenyewe, kansela (mkuu wa serikali) wa zamani wa Ujerumani. Taa za usiku ni karabai za wavuvi wa dagaa, na mzee anazijua vizuri tu.

Nyambizi ingepitia wapi? Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Mto Nile una maporomoko. Ni kweli meli huweza kuletwa vipande vipande, kama Wajerumani walivyoipeleka Liemba Kigoma. Lakini hiyo ilikuwa vita ya kwanza. Vita ya Hitler inaanza 1939, Tanganyika ilishakuwa ya Mwingereza.

Bahari ya Hindi, hapo sibishi. Walifika. Chukua nyambizi yao U-198, iliyoundwa Bremen, Ujerumani, na kuanza kazi Novemba 1942. Urefu wake ulikaribia mita 88. Mimi nimezeekea chumba cha mashine cha meli za ziwa hili, kwa hiyo niache niseme ya mashine: dizeli mbili za MAN, silinda tisa kila moja, na nyingine mbili ndogo za mwendo wa taratibu. Ikizama, dizeli zinazimwa, kwa sababu zinakula hewa ya mabaharia, na mota za umeme zinavuta betri. Betri zikiisha, lazima ipande juu kuchaji. Sisi tukitoka Bukoba alfajiri tulikuwa tunafungua mlango, tunapata upepo, ovaroli zikinuka dizeli mpaka kwenye kola. Wale safari yao ya kwanza, Machi hadi Septemba 1943, ilikuwa siku zipatazo 200. Walizamisha meli saba.

Safari ya pili walitoka Ufaransa Aprili 1944, wakazamisha nne. Ya mwisho ilikuwa Empire Day ya Waingereza, Agosti 7, mbali mashariki ya pwani yetu. Baada ya hapo wakawa wao wanaowindwa. Agosti 12, karibu na Shelisheli, manowari mbili, Findhorn ya Uingereza na Godavari ya India, ziliikuta na kuilipua. Watu wote 66 waliokuwa ndani walikufa.

Kwa hiyo mwambie mzee nyambizi yake iko Shelisheli. Hiyo kahawa iliyopoa alipe yeye.